Aflatoksini: Ufa mdogo wa punje ulivyozua maafa Ukambani

Watu 125 walifariki nchini mwaka wa 2004 kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Walioripotiwa kuugua walikuwa 317. Tangu wakati huo, vita dhidi ya sumu ya aflatoksini vimeelekezwa kwa magunia na malori, ilhali balaa huanzia kwenye ganda la punje.

Ganda zima huizuia kuvu. Mdudu akilitoboa, au fimbo ya kupuria ikilipasua, kuvu hupata mlango. Unyevu nao ukizidi asilimia 13.5, kuvu hustawi na kuacha sumu ambayo moto wa kupikia ugali hauimalizi.

Wataalamu wa leza wanaifahamu hali kama hiyo. Vioo vyao hupakwa tando nyembamba mno, na chembe moja ikinaswa humo, nguvu ya mwanga hurundikana hapo na kuunguza utando, hata kama sehemu nyingine zote ni safi. Usafi wa wastani hauwafai kitu.

Wala hautufai sisi. Punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Anayepima konzi moja akizikosa, gunia hupita. Katika sampuli 350 zilizochukuliwa madukani na sokoni mwaka huo wa 2004, asilimia 55 zilivuka kiwango kilichoruhusiwa cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilizidi 1,000.

Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga. Machi 2021, mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa mpakani, kisha masharti yakalegezwa siku chache baadaye. Hatua hizo zilivuma sana. Hata hivyo, mahindi yaliyohusishwa zaidi na vifo vya 2004 yalikuwa ya mashamba ya waathiriwa wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Ni rahisi kwa aliyeshiba kumhimiza mama wa Kibwezi au Mutomo achambue mahindi na kutupa yaliyobadilika rangi. Mwenye debe moja la kuwalisha watoto hadi mvua ijayo atatupa ngapi?

Dawa ya Aflasafe, inayotengenezewa Katumani, Machakos, hunyunyizwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Huo ndio msimu ambao mkulima wa Ukambani hana hata shilingi ya kununulia turubai la kuanikia.