Maji ya Barabara ni Suala la Haki



Kila masika mambo ni yale yale katika vilima vya Geita. Maji hushuka na kushika barabara badala ya mtaro, na kulipokucha changarawe imekwisha kuzolewa na korongo limechimbika katikati ya njia. Mama mjamzito hubebwa kwa machela, na mahindi hukosa gari. Tulishuhudia hayo katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na tena mwaka 2023 na 2024. Tukalaumu mvua.

Kosa si la mvua peke yake. Vilima vyetu tumevivua miti kwa ajili ya mkaa na matimba ya mashimo ya dhahabu. Wengine tumelima hadi ukingoni mwa barabara, au tumefukia mtaro ili pikipiki iingie uani.

Maji yakiongeza mwendo maradufu, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyapunguza mwendo. Barabara iwe na mgongo: yenye upana wa mita 5, katikati yake iinuke kama sentimita 12 kuliko kingo. Mtaro wa mlimani uwekewe vizuizi vya mawe, navyo vikaribiane zaidi kadiri mteremko unavyokuwa mkali. Maji yatolewe kidogo kidogo kwa michepuo mingi, na midomo ya makalavati izibuliwe kabla ya mvua za Oktoba.

Lakini michepuo hiyo inaelekea wapi? Hapa ndipo dhamiri zetu zinapopimwa. Kuondoa maji barabarani na kuyamwaga katika shamba la mihogo la mjane aliye bondeni ni kuhamisha hasara ya wengi na kumtwika mmoja asiye na mtetezi. Basi, kabla jembe halijainuliwa, wenye mashamba ya juu na ya chini watembee pamoja kwenye mteremko huo, wakubaliane mahali pa kutolea maji, wapande majani ya kuyatuliza, na makubaliano yaandikwe katika muhtasari wa kijiji.

Serikali nayo ina wajibu wake. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Hata nauli ya bodaboda imebeba sehemu ya fedha hiyo. Tunayo haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga, katika Mkutano Mkuu wa Kijiji: barabara yetu imepangiwa nini mwaka huu?

Tunaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichague siku moja kabla ya mvua. Mje na majembe, na yule wa bondeni awe wa kwanza kusikilizwa.