Usiuharakishe Mtini Wako

Umenunua mche wa mtini kwa bei nafuu pale kando ya barabara, na sasa wataka uwe bonsai, yaani mti mdogo wenye umbo la mkongwe. Tahadhari! Wengi wanaoanza hukata matawi na mizizi siku moja, kisha hushangaa mti ukifa.

Leo punguza matawi pekee. Utomvu mweupe upanguse, usikuingie machoni. Matawi yaliyobaki yapinde taratibu kwa waya wa alumini, na uutoe kabla haujazama kwenye gome. Majani mapya yakishachipuka kwa wingi, ndipo upunguze mizizi na kuuhamishia chungu kifupi chenye matundu.

Mugumo mkongwe wa kule mashambani ni wa jamii hiyo hiyo, nao haukukua kwa siku moja.