Tashbihi na Izaliwe Ziwani

Mwanafunzi wa Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, huandika kwamba shati la bwana arusi lilikuwa jeupe kama theluji. Theluji hajaiona. Yangeyange huwaona kila asubuhi ufuoni mwa ziwa, lakini hamwingizi hata mmoja katika insha yake. Mwenzake wa Awendo, Migori, huandika "mwisho wa siku" kila aya, ilhali "hatimaye" ipo. Wote wawili wanafikiri kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili.

Si haki kuwacheka. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hudai insha mbili, kila moja alama 20. Kwa hofu ya alama, mwanafunzi hukabidhiwa orodha ndefu ya tamathali aikariri, nahau na tashbihi zikiwa zimechanganywa kama kwamba ni kitu kimoja. Hapo ndipo penye kosa.

Nahau ni mali ya jamii nzima na maneno yake yamefungamana. Asemaye "alipiga moyo konde" hawezi kusema "alipiga moyo ngumi", ijapokuwa konde ni ngumi. Hii hujifunzwa kwa kuisikia na kuisoma katika muktadha, kisha hutumiwa kama ilivyo.

Tashbihi, kinyume chake, ni mlango ulio wazi. Deni laweza kuenea kama gugumaji katika ghuba ya Homa Bay. Mzee aliyestaafishwa bila kiinua mgongo aweza kujiona kama makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa. Taa za wavuvi wa omena usiku hung'aa kama mji unaoelea. Hakuna aliyekaririshwa haya. Aliyekulia huko anayaona.

Huenda pakawa na wasiwasi kwamba msahihishaji wa Lamu hajui omena. Basi mwandishi amwambie kuwa ni dagaa wa Ziwa Viktoria, asonge mbele. Wala tashbihi za jadi zisitupwe: "kutulia kama maji ya mtungini" humwingia barabara mtoto aliyeuona mtungi nyumbani kwa nyanya yake.

Walimu wa Kiswahili, wa leo na wa kesho, hawana budi kuzitenga orodha hizo mbili. Nahau zifundishwe kwa kusomwa vitabuni. Tashbihi, kwa kumtoa mwanafunzi nje ya darasa atazame. Kiswahili kitakuwa chake siku atakapokiona kinaweza kulisema ziwa lake.