Sifa za ndege za kwanza za abiria ziwafikie mafundi na wakaguzi

Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma Novemba 1918, majeshi yalibaki na maelfu ya ndege zenye jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1923 Charles Lindbergh alinunua Curtiss JN-4 kwa dola 500. Rubani huyo anajulikana dunia nzima. Waliozifanya ndege hizo zifae raia hawatajwi, na hilo si haki.

Kazi yao ilikuwa kubwa. Katika DH.4 ya Uingereza, mahali alipokaa mpiga bunduki palifunikwa kwa paa lenye madirisha, abiria wawili wakakaa wakitazamana. Agosti 25, 1919, ndege ya aina hiyo, DH.4A, ilizindua safari za kila siku za London hadi Paris.

Marekani mambo yaliachwa holela. Aprili 30, 1926, Bessie Coleman, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani, alianguka na kufa huko Jacksonville. JN-4 yake ilikuwa imechakaa, na spana iliyosahauliwa ndani ilinasa kwenye mitambo ya kuiongozea. Sheria ya kukagua ndege na kuwapa marubani leseni ilitiwa saini mwezi uliofuata. Kwa Coleman, ilikuwa imechelewa.

Uingereza ukaguzi ulitangulia, na ukazaa matunda. Kampuni ya de Havilland ilipounda DH.51 mwaka 1924, ilitumia injini iliyobaki vitani kwa sababu ilikuwa rahisi. Wakaguzi hawakuridhika na mfumo wake wa kuwasha moto, wakadai majaribio zaidi. Kampuni ikafunga injini nyingine. Moja ya ndege hizo ililetwa Kenya, ikawa ya kwanza kuandikishwa nchini, ikaitwa Miss Kenya. Hadi leo inatunzwa Uingereza, ikiwa bado na uwezo wa kuruka.

Fundi wa injini Frank Halford akaenda mbali zaidi: alichukua nusu ya injini ya silinda nane, akaunda Cirrus ya silinda nne. Ndiyo iliyoirusha Moth mwaka 1925, ndege ndogo ambayo vilabu na watu binafsi waliimudu kwa matembezi.

Makumbusho na vitabu vya shule vinavyosimulia habari za marubani viwataje Halford, mafundi wenzake na wakaguzi katika ukurasa huohuo.