Mfereji wa Katikati Ni wa Nani?



Ninawaandikia mimi kapita wenu juu ya ule mfereji unaopita katikati ya nyumba zetu za kulala. Kila nyumba inafagia vizuri mbele ya mlango wake, halafu takataka zinatupwa ndani ya mfereji. Nikiuliza, wa nyumba ya kwanza wanajibu: "Ile haiko ya kwetu." Wa nyumba ya pili vilevile. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwa wote.

Msiseme ni jambo dogo. Wengi wetu tukimaliza hapa Nyunzu tutaenda kuishi mjini, na shida ya mji ni hiyo hiyo. Kalemie ina komini tatu: Kalemie, Lac na Lukuga. Lubumbashi ina saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi, na Annexe inayozunguka nyingine. Kila komini ina burgumesta wake. Lakini mtu analala Katuba, anafanya kazi Kampemba, ananunua chakula Kenya. Maji ya mvua na kolera havijui mpaka wa komini. Njo maana juu ya komini kuna mji na meya wake, ashike mambo ya wote.

Sasa, meya huyo anajibu kwa nani? Mwaka 1957, wakati wa Wabelgiji, wanaume wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walipiga kura ya kwanza katika komini zao. Waafrika wakapata kuwa maburgumesta. Lakini mkubwa wa mji mzima aliwekwa na serikali ya koloni. Waliochaguliwa walishika vipande tu.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka vingine: wananchi wachague washauri wa komini, hao wachague washauri wa mji, na hao wamchague meya. Lakini kura ya washauri wa komini ilifika tarehe 20 Desemba 2023 tu, tena si katika komini zote za nchi. Miaka ile yote mameya walikuwa wakiwekwa kutoka juu.

Wengine wanasema: aliyewekwa kutoka juu anafanya kazi haraka, komini zikichagua zitagombana. Ni kweli, zitagombana. Lakini aliyewekwa na watu wa mbali anaogopa watu wa mbali. Aliyechaguliwa na komini zote ataogopa mfereji ukijaa.

Basi, ninaomba kila nyumba ichague watu wawili, wakae pamoja, wamchague mmoja wa kusimamia mfereji. Asiwe mimi. Mimi niliwekwa na wakubwa, ninyi hamkunichagua.

Nina miaka 18, nimefika umri wa kupiga kura. Tujifunze kwanza hapa kwenye mfereji, kabla ya kwenda kulaumu meya wa watu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita