MAONI: Kwani kijana wa Kisauni haruhusiwi kutembea polepole?

Juzi nilimaliza bando zima nikitazama video ya jamaa mmoja akitembea Carcassonne, mji wa kale kule kusini mwa Ufaransa. Hakuna la maana alilofanya. Anatembea, anasimama, anashika ukuta wa mawe, anakunywa kahawa, anatembea tena. Dakika arubaini! Nami nimelala kitandani Bakarani nimekodoa macho, nawaza: huyu mtu hana kazi?

Halafu nikajiuliza swali lililoniuma zaidi. Nimezaliwa Kisauni, nina miaka 24, na mji wangu una ngome iliyoingia kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2011. Nimewahi kuutembea hivyo? Ng'o! Kisiwani huwa navuka nikiwa na shida: kutafuta kibarua, kupeleka mzigo wa mtu, kufuata kitambulisho. Navuka mbio, narudi mbio.

Basi Jumamosi nikaamua. Simu imejaa chaji, mfukoni mia tatu, miguuni raba. Saa moja asubuhi niko mlangoni. Mama akauliza, "Waenda wapi?"

"Kutembea."

"Kwa nani?"

"Kutembea tu, mama."

Akaniangalia kama mtu aliyesikia mwanawe ameanza kuvuta bangi. Kwetu hakuna kutembea tu. Kuna kwenda mahali, na kuna kuzurura.

Kituo changu cha kwanza hakikuwa kisiwani. Kilikuwa Kengeleni. Wengi wetu tunalijua jina hili kwa sauti za makanga, lakini kengele yenyewe ipo, pale kwenye mnara wake mdogo kando ya barabara, matatu zikiipita kila dakika. Nimepita hapo maisha yangu yote. Kusimama mbele yake, hii ilikuwa mara ya kwanza.

Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa CMS, iwe makao ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Jina limetokana na Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Wazee husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwaonya watu wakati wawindaji wa watumwa walipokaribia. Yaani mtaa ambao leo ukitaja jina lake watu wanashika mikoba, ulijengwa ili binadamu apate mahali pa kuwa huru.

Hapo ndipo lilipotoka jina la Mbotela. James Mbotela, aliyeandika "Uhuru wa Watumwa", kitabu kilichotoka mwaka 1934, alikuwa mtoto wa mtu aliyeachiliwa utumwani. Ni ukoo huo huo uliotupa marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa "Je, Huu ni Ungwana?" Kama humjui, muulize mzazi wako. Na hilo neno uungwana lina uzito wake. Zamani hapa Pwani, mwungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu asiye mtumwa, mtu ambaye hana bwana wa kumuuliza anakokwenda.

Shikilieni hapo, nitarudi.

Kutoka Kengeleni niliteremka hadi daraja la Nyali na kulivuka kwa miguu. Hili tulilo nalo ni la mwaka 1980. Kabla yake watu walivuka kwa daraja lililoelea juu ya maji, lililowekwa mwaka 1931. Ndani ya matatu daraja hulioni, unaona kisogo cha abiria wa mbele. Kwa miguu unapigwa na upepo, unaona ngalawa chini, na kisiwa kinakujia taratibu. Nilisimama katikati hadi mwenye boda akapunguza mwendo kuuliza kama niko sawa. Asante, bro. Nilikuwa sawa kabisa.

Mji wa Kale ukiuingia kwa miguu unakulazimisha upunguze mwendo. Vichochoro ni vyembamba, jua halifiki chini, roshani za mbao zimening'inia juu yako, na harufu ya viungo inatoka Marikiti inakufuata. Nilipita msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Fikiria: mnara wake ulikuwepo kabla Mreno hajaanza Fort Jesus mwaka 1593. Nikafika kwenye mlango mmoja uliochongwa maua kutoka juu hadi chini. Watalii wawili walikuwa wakiupiga picha. Nami nikatoa simu.

"We kijana! Watafuta nini hapa?"

Alikuwa askari wa geti la jengo la jirani. Nikamwambia natazama mlango. "Mlango wa nani? Watoka wapi?" Nikasema Kisauni. Uso ukabadilika. "Kitambulisho. Cha kazi au cha chuo." Sasa hapo ndipo pagumu. Chuo niliacha muhula wa tatu, karo ilipokatika. Kazi ni vibarua, na kibarua hakina kadi. Nilikuwa na kitambulisho cha taifa tu, na kwake uraia haukutosha. Wale watalii wakaendelea na picha zao. Hakuna aliyewauliza chochote, na sisemi waulizwe. Nasema tulikuwa watu watatu mbele ya mlango mmoja, na mmoja tu ndiye aliyetakiwa kueleza kwa nini amesimama.

Je, huu ni ungwana?

Naomba nisieleweke vibaya. Magenge ya panga yapo. Mtaani kwetu kuna watu wana makovu, na simlaumu mlinzi kwa kuogopa. Lakini mwizi hasimami dakika kumi kutazama maua ya mlango mchana kweupe. Tukifika mahali ambapo kijana wa bara akikimbia ni mwizi, na akienda polepole anapeleleza, basi tumemwachia mwendo gani?

Kilichonirudisha moyo ni mzee mmoja aliyekuwa kwenye kibaraza hatua chache mbele, na muuza kahawa na dele lake. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Umepotea?" Nikamwambia la, natembea tu. Akasogea. "Basi keti." Kahawa chungu na kipande cha haluwa. Nilipotaja Kisauni hakushtuka. Alisema tu, "Vijana wa huko twawaona wakipita, hatuwaoni wakiketi." Tukaongea karibu saa nzima.

Mchana nilikaa kwenye kivuli nje ya Fort Jesus na mihogo ya kukaanga. Ngome hiyo ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu, walio ndani wakifa kwa njaa na maradhi. Waingereza nao wakaigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Wanaouza madafu pale, wanaopiga picha, wanaojibarizi, wote wamekaa huru chini ya kuta zilizojengwa kuwazuia watu. Ilinifanya nicheke peke yangu.

Sasa msimamo wangu. Kwanza, enyi mabeshte wa Kisauni, Likoni na Changamwe: tembeeni. Si lazima uwe na pesa. Siku yangu nzima, pamoja na matatu ya kurudi, haikumaliza ile mia tatu. Tunajua Paris kwa video na hatujui Kengeleni kwa macho.

Pili, wenye mamlaka. Kila ukisikia utalii ni hoteli na Mji wa Kale. Historia ya bara inapitwa kwa matatu. Anzeni ziara pale kwenye kengele, na waongozaji wawe vijana wa mitaa hiyo. Kuna wengi kama mimi wasio na cheti, lakini wana midomo na miguu. Na hizo njia za waenda kwa miguu, tafadhali ziondoeni pikipiki.

Tatu, askari wote, wa geti na wa barabarani. Muulizeni mtu amefanya nini kabla ya kumuuliza anatoka wapi. Kutembea bila haraka si kosa. Waliotutangulia pale Freretown walipitia bahari na minyororo kabla ya kuipata haki hiyo.

Nilirudi magharibi, miguu imevimba. Nikamsimulia mama habari za kengele. Kumbe naye amepita pale miaka thelathini bila kusimama. Jumamosi ijayo ameniambia atakuja, ila aliuliza kwanza kama kuna pa kukaa njiani, maanake magoti yanamsumbua.

Nimemwambia vibaraza vipo.