Feza ya Kurudi: Ihesabu Ikiwa Mkononi

Mwezi huu tunaweka mezani barua ya mama mmoja wa Baraka. Tumeifupisha kidogo, lakini maneno ni yake.

«Mwana wetu wa kwanza iko Uingereza. Alinunua asiranse ya gari yake kwa kupitia kampuni moja ya mu intaneti. Wakamwambia: ukinunua kwa mlango wetu, tutakurudishia paundi 60. Akatupigia simu: Mama, ile feza ikifika ntaituma yote, ilipe masomo ya dada. Baba yake akaenda Misisi kukopa kwa mnunuzi wa zahabu, akijua tutalipa mwisho wa mwezi. Sasa ni mwezi wa tano tunangoja. Baba anasema mtoto amekula feza. Mtoto anasema feza haijafika. Hata mu simu hawasemezani tena. Je, ile feza ni ya kweli, ao ni uongo tu?»

Mama, asante kwa barua. Tunakujibu kwanza kwa kifupi: feza ya namna hiyo ipo kweli, na mtoto wako anaweza kuwa anasema kweli. Lakini siku ile alipopiga simu, feza hiyo haikuwa yake bado. Hapo ndipo matata yalipoanza.

Inatoka wapi?

Jamaa za Misisi na Lubichako wataelewa upesi. Mchimbaji ana zahabu yake, naye mnunuzi iko na mzani wake. Katikati kuna komisioneri. Yeye hana zahabu, hana mzani. Kazi yake ni kuleta mtu. Akileta mchimbaji, mnunuzi anampa kitu kidogo. Sasa tuseme komisioneri anamwambia mchimbaji: «Pita kwangu, na ile komisyo yangu nitakugawia nusu.» Si uongo. Lakini atakugawia nini ikiwa mnunuzi hajamlipa yeye?

Basi, feza ya kurudi ambayo vijana wa Ulaya wanaiita keshibaki ni hiyo hiyo. Uingereza, kampuni mbili zinazojulikana sana kwa kazi hii, Quidco na TopCashback, zilianza mwaka 2005. Kule Marekani Ebates ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Rakuten ya Japani kwa karibu dola miliari moja. Hawa si wezi wa njiani. Ni makomisioneri wakubwa. Kampuni ya bima inawalipa kwa kuleta mteja, nao wanamrudishia mteja sehemu ya malipo hayo.

Mbona inachelewa, na mara nyingine inakataliwa?

Bima si kama sabuni. Sabuni ukishainunua umeinunua. Kwa Uingereza, mtu akinunua bima ya gari ao ya nyumba ana siku 14 za kubadili mawazo na kuivunja. Kwa hiyo kampuni ya bima haitoi komisyo haraka. Inangoja kwanza ione kama mteja amebaki. Kisha inamlipa komisioneri, halafu komisioneri ndiye anamlipa mteja. Mambo hayo yote yanaweza kuchukua miezi mitatu, minne, mara nyingine zaidi.

Na kuna sababu nne ambazo mara nyingi zinaangusha feza hiyo:

1. Alama ya njia imepotea. Unapopita mlango wa komisioneri, simu ao kompyuta yako inawekwa alama ndogo kuonyesha nani amekuleta. Kama katikati ya safari uliingia kwa mwingine kulinganisha bei, alama ya pili inafuta ya kwanza. Ni kama mchimbaji aliyeletwa na komisioneri wawili: mara nyingi anayelipwa ni yule wa mwisho kumfikisha penye mzani.

2. Mteja si mpya. Feza nyingi za namna hii ni za kuvuta wateja wapya. Aliyerudia tu bima yake ya mwaka uliopita anaweza asipewe kitu.

3. Bima ilivunjwa ao ilibadilishwa. Ukibadili gari ao ukiacha kulipa kila mwezi, kampuni inaweza kusema: huyu hatukumpata kweli.

4. Mteja alimaliza kununua kwa simu ya sauti, akizungumza na mtumishi wa kampuni, na si mahali alipoanzia. Hapo alama inakatika.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalisomi. Makampuni mengi ya namna hii yanaandika katika masharti yao kwamba watakulipa ikiwa wao wenyewe wamelipwa, na kwamba hakuna hakikisho. Kwa hiyo si deni ambalo unaweza kuwashitaki nalo kirahisi. Na kampuni ya komisioneri ikianguka, feza uliyoiacha kwake haina ulinzi kama ile iliyo benki.

Kwa hiyo wengi wanalipwa, lakini si kila mtu na si kila mara. Kwa bima ni vibaya kuihesabu mapema, juu ya kungoja ni kwingi na sababu za kukataa ni nyingi.

Hesabu ya mezani

Vijana mlio ng'ambo, chukueni kalamu. Bima ya kwanza ni paundi 400, na wanaahidi kurudisha 60. Bima ya pili ni paundi 350, haina ahadi. Ukilipwa, ya kwanza itakuwa imekugharimu 340: umepata faida ya paundi 10. Usipolipwa, umepoteza 50. Je, utatupa 50 hatarini ili upate 10? Linganisha kwanza bei bila ahadi yoyote, utazame bima yenyewe inalipa nini siku ya ajali. Bima hainunuliwi kwa ajili ya zawadi.

Wale walio Marekani wajue kwamba kule sheria ni nyingine. Katika majimbo mengi, wakala wa bima amekatazwa kumrudishia mnunuzi sehemu ya komisyo yake. California ilifungua mlango huo kwa kura ya watu mwaka 1988. Basi mtu akikuahidi feza ya namna hiyo, uliza kwanza sheria ya jimbo lako.

Na huku kwetu?

Mama anauliza kama ni uongo. Uongo upo, lakini una alama yake: unaomba feza yako kwanza. Wazee wanakumbuka Bindo ya Kinshasa, iliyoahidi kuzidisha feza za watu kwa muda mfupi. Mwaka 1991 ikaanguka, na watu wakalia. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, kulikuwa DECI, iliyoenea sana kati ya watu wa makanisa. Watu walipanda «mbegu» wakingoja mavuno. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Dar es Salaam ikahukumu viongozi wake. Wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliowafuata. Wa mwisho walibaki na karatasi.

Komisioneri wa kweli hakuombi kitu ili akulipe. Ukisikia «tuma kwanza dola 5 kwa M-Pesa ao Airtel Money, tufungue feza yako,» zima simu.

Nanyi wamotari wa Baraka, neno moja. Katika inchi yetu bima ya chombo cha njiani ni lazima tangu sheria ya mwaka 1973. Kwa miaka mingi aliyeiuza alikuwa SONAS peke yake, iliyoanzishwa mwaka 1966. Sheria ya 2015 ilifungulia makampuni mengine, na mwaka 2019 ya kwanza yakapata ruhusa kwa ARCA, ofisi ya serikali inayosimamia bima. Sasa akija mtu akisema «nunua kwangu, nitakurudishia,» usitazame tu kile atakachokurudishia. Tazama karatasi: ina jina la kampuni yenye ruhusa? Ina namba? Kuna risiti? Juu ya siku utakapogonga mtoto wa watu, ile franka kidogo uliyorudishiwa haitalipa hospitali. Karatasi ya kweli ndiyo itakayolipa.

Sasa, mama, mfanye nini?

Kwanza, mpigie mtoto, na baba awe karibu. Usimuulize «feza umeipeleka wapi?» Muulize: «Wanaonyesha imefika hatua gani?» Kampuni hizi huonyesha mteja kama malipo yameonekana, yamekubaliwa ao yamekataliwa. Anaweza kupiga picha ya kioo cha simu, aitume. Hapo baba ataona kwa macho yake.

Pili, kama haionekani kabisa, mtoto apeleke malalamiko kwao upesi, pamoja na namba ya bima na tarehe aliyonunua. Kuna muda wa kulalamika, na ukipita hawapokei tena.

Tatu, deni la Misisi ni la kwenu, si la ile kampuni. Baba aende mwenyewe kwa mnunuzi kabla hajatafutwa, waseme kulipa kidogo kidogo. Mtoto naye, kama ana nguvu, atume kidogo kutoka mshahara wake. Mshahara una siku yake, lakini feza ya kurudi haina siku.

Nne, na hili ni la jamaa zote: mtoto aliye mbali asitangaze feza kabla hajaishika, nasi wazazi tusikope juu ya sauti ya simu. Wavuvi wetu wa Baraka wanajua kwamba mikebuka iliyo ziwani haina bei sokoni. Mpaka iwe ndani ya mtumbwi.

Baba, umekasirikia mwana wako miezi mitano kwa feza ambayo labda hata yeye hajaiona. Paundi 60 zinaweza kupotea, na nyumba ikaendelea. Lakini mtoto akiogopa kupiga simu nyumbani, hiyo hasara nani atairudisha? Chukua simu leo, usingoje jibu la ile kampuni.

Tutakutana mwezi ujao, tukipenda kuongea juu ya mikopo ya wanunuzi wa zahabu. Leteni maswali yenu.